Kanumba The Great: Staa wa Bongo Aliyeingia Kila Keja Hadi Huku Voi

Kama uko na miaka ishirini na kitu na umelelewa Sofia, Kaloleni, Mwatate ama kule Taveta karibu na boda, kuna sura moja uliizoea kwa TV ya nyumbani kabla hujajua kusoma vizuri. Jamaa mtanashati, shati limenyooka, ndevu zimechongwa. Sini moja analia machozi ya kweli kwa kitanda cha hospitali, sini inayofuata anashuka kwa gari kali na suti ya bei. Mathe anaacha sufuria ikiungua. Jirani ambaye hana TV ameshaingia na stuli yake.

Huyo alikuwa Steven Kanumba. Wabongo walimwita The Great, na hata yeye alijiita hivyo bila aibu.

Alikufa tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu. Wasee wengi wanajua venye alikufa kuliko venye aliishi, na hiyo si haki. Msee alifanya kazi ambayo kabla yake hakuna mwigizaji wa Kiswahili alikuwa ameifanya kwa kiwango hicho. Acha tuianze pale mwanzo.

Kijana wa Shinyanga

Kanumba alizaliwa tarehe 8 Januari 1984 huko Shinyanga, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Hiyo ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba, ng'ombe na almasi za Mwadui. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Yaani ni kama utoke Voi uende Mombasa, urudi, halafu uende tena na urudi tena, na bado hujamaliza.

Nasema hivyo juu kuna ile stori tunajiambia kwamba mastaa huzaliwa kwa jiji kubwa. Kijana wa Shinyanga miaka ya tisini alikuwa mbali na kamera kama tu kijana wa Wundanyi. Alisoma shule ya msingi Bugoyi hapo hapo Shinyanga, halafu baadaye akahamia Dar kuendelea na masomo. Hapo ndipo mambo ya kuigiza yalimshika kabisa.

Mwaka wa 2002 akaingia Kaole Sanaa Group. Kama hujui Kaole, hii ilikuwa ndiyo shule ya mtaa ya uigizaji Dar. Walikuwa wanafanya tamthilia za Kiswahili zinazorushwa na ITV ya Tanzania, na kila wiki watu walikuwa wamegandia kiti. Hakukuwa na jengo la vioo wala mkufunzi wa kutoka ng'ambo. Mlifanya mazoezi, mkasahihishana, mkarekodi. Ukikosea, mtaa mzima unakucheka kesho yake sokoni.

Hapo ndipo alipokutana na watu ambao baadaye wangekuwa majina makubwa: Vincent Kigosi, ambaye wote tunamjua kama Ray, na Blandina Chagula, yule Johari. Kanumba akaonekana kwa tamthilia kama Jahazi na Dira, na polepole watu wakaanza kumtambua barabarani. Umaarufu ulikuja. Doo bado.

Muvi za CD zinaanza

Rudi nyuma kidogo uelewe soko lilikuwa aje. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukitaka muvi ya Kiafrika, ilikuwa Nollywood. Sisi Kenya tulikuwa tumezama humo, na Watanzania pia walikuwa wamezama huko huko. Muvi za Nigeria zilikuwa zimejaa kila duka, na hata lugha ikiwa ngumu watu walikuwa wanafuata stori kwa macho.

Halafu mwaka wa 2003 ikatoka Girlfriend. Dairekta wake alikuwa George Tyson, na hapa Wakenya tujipigie makofi kidogo, juu huyo alikuwa mtu wetu aliyehamia Bongo akafanya kazi huko hadi akafa kwa ajali ya barabarani mwaka wa 2014. Girlfriend ilionyesha wafanyabiashara wa Kariakoo kitu kimoja: watu watanunua muvi ya Kiswahili kwa pesa zao. Baada ya hapo kila msee mwenye kamera alitaka kutoa muvi.

Kanumba alikuwa kwa wimbi hilo, lakini akacheki mbele kuliko wengine. Waigizaji wengi walikuwa wanaridhika kuwa maarufu Dar. Yeye alikuwa anauliza: hawa Wanigeria wanauza hadi kwetu, sisi tunauza wapi?

Dar hadi Lagos

Mwaka wa 2006 jibu lake likatoka. Muvi inaitwa Dar 2 Lagos, kazi ya produsa Mtitu Game. Kanumba akapanda ndege hadi Nigeria, akaigiza na Mercy Johnson, ambaye wakati huo alikuwa anapanda kwa kasi sana Nollywood.

Fikiria hiyo kitu. Jamaa wa miaka 22, miaka minne tu tangu aingie Kaole, anaenda kwa nyumba ya wenye wanatawala soko, anasimama kwa fremu moja na wao. Hakungoja mtu amwite. Na muvi iliporudi nyumbani, Watanzania waliona mtu wao akiwa amesimama sambamba na mastaa waliokuwa wakiwaona kwa posta tu.

Hakuachia hapo. Aliendelea kufanya kazi na Wanigeria, na mwaka wa 2011 akatoa Devil Kingdom akiwa na Ramsey Nouah, staa ambaye mashangazi wetu walikuwa wanamlilia kabisa.  Kuwa saizi moja na mastaa kama hao ndiko Kanumba alikuwa anapigania.

Katikati hapo kuna Oprah, ya 2008. Kanumba, Ray, na dem mmoja mgeni kwa kamera, Irene Uwoya, aliyetoka kwa mashindano ya urembo ya Miss Tanzania. Hiyo muvi ilibamba noma. Mapenzi, urafiki, usaliti, nyumba kubwa, na kilio cha kutosha. Irene akatoka hapo akiwa staa. Kanumba na Ray nao wakawa kama timu mbili za mtaa: uko upande gani? Ray akaendelea na kampuni ya RJ pamoja na Johari, Kanumba akafungua yake, Kanumba The Great Film. Sasa alikuwa anaandika, anaigiza, anasimamia, na jina lake liko juu ya kila posta.

Walimcheka Kiingereza

Mwaka wa 2009 Kanumba alialikwa kutembelea jumba la Big Brother Africa. Afrika nzima ilikuwa inacheki. Na huko ndani ilibidi aongee Kiingereza.

Kiingereza chake hakikuwa laini. Wabongo wenyewe walimcheka vibaya sana, kwa magazeti na kwa blogu, hadi ikawa utani wa kila kijiwe. Huyu ndiye staa wetu wa kimataifa?

Lakini angalia alichofanya na hiyo aibu. Hakujificha, hakuacha kutafuta nchi za nje. Aliendelea kujifunza, na muvi zake zikaendelea kuwa na majina ya Kiingereza huku ndani watu wanaongea Kiswahili: This Is It, Uncle JJ, The Shock. Wengine waliona huo ni ushamba. Mimi naona hesabu. Jina la Kiingereza lilikuwa la kumvuta mtu wa Lagos ama Lusaka asome kava. Kiswahili kilikuwa cha mathe wako pale Mwakingali. Alitaka wote wawili.

Na sisi Wakenya, ambao tunapenda kujiona tunajua Kiingereza kuliko majirani, tulikuwa tunakaa chini masaa manne kumcheki akiongea Kiswahili ambacho mwalimu wetu wa shule alikuwa anatuchapa ndio tukipate.

Watoto ndani ya fremu

Kuna kitu kingine Kanumba alifanya ambacho watu wanasahau. Aliweka watoto kwa muvi zake, na si kama mapambo. Kwa This Is It na Uncle JJ, watoto wanaojulikana kama Jennifer na Patrick ndio wanabeba stori. Yeye, staa mkubwa, anakaa pembeni anawaacha wapige kazi.

Kwa biashara hiyo ilikuwa akili. Mtoto akipenda muvi, mzazi atainunua, na nyumba nzima itakaa chini. Ukiwa ulikuwa mdogo wakati huo, inawezekana muvi yako ya kwanza ya Kiswahili kuona mtoto wa rika lako akiongea kama wewe ilikuwa ya Kanumba.

Venye muvi zilifika huku

Sasa tuongee kuhusu Taita Taveta, juu hapa kuna deni.

Barabara ya kutoka Voi, unapita Mwatate, Bura, Maktau hadi Taveta, halafu Holili na Moshi, ni njia ya zamani sana. Waingereza walijenga reli hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Miaka ambayo Kanumba alikuwa anawaka, sehemu kubwa ya hiyo barabara ilikuwa bado vumbi, lami kamili ilikuja baadaye. Lakini vumbi halikuzuia biashara. Siku za soko Taveta, Wakenya na Watanzania wanauziana nyanya, ndizi, vitenge na mitumba bila kujali laini ya ramani. Familia ziko pande zote mbili. Na pamoja na mizigo hiyo, CD zilivuka.

Muvi moja ya Bongo ilikuwa inatoka kwa CD mbili, sehemu ya kwanza na ya pili. Ukikosa ya pili umekwisha, utaota. Ile halisi ilikuwa na kava safi na nembo ya msambazaji, mara nyingi Steps Entertainment ya Dar. Lakini tuseme ukweli: ile uliyonunua kwa shilingi 50 ikiwa imefungwa kwa karatasi ya nailoni haikuwa halisi. Ilikuwa kopi ya kopi, sura ya Kanumba imefifia kwa printa iliyoisha wino. Wengine hawakununua kabisa, walipeleka flashi dukani wakajaziwa.

Na hata kwa soko halali, mpango haukuwa mtamu kwa msanii. Produsa wengi waliuza haki zote za muvi kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja. Ukishachukua hizo pesa, hata muvi iuze hadi Kongo, wewe ulishalipwa. Kwa hivyo ile mihela tuliyokuwa tunaona kwa muvi, magari na majumba, haikuwa na uhusiano na kilichokuwa kinaingia mfukoni kutoka kwa fani wa Voi. Kutoka kwetu, kusema kweli, hakuna kitu kilichokuwa kinaingia. Ndiyo maana msee alitoa makumi ya muvi kwa miaka michache. Ilikuwa lazima kila mara utoe nyingine.

Usiku wa Pasaka

Wikendi ya Pasaka, 2012. Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 7 Aprili, Kanumba alikuwa nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Pamoja naye alikuwa Elizabeth Michael, Lulu, mwigizaji aliyekuwa amekulia Kaole tangu akiwa mtoto mdogo. Kukatokea ugomvi chumbani. Kanumba akaanguka. Alipofikishwa hospitali ya Muhimbili alikuwa ameshafariki, na uchunguzi ukaonyesha ubongo ulipata mtikisiko.

Lulu alishikwa, kwanza kwa kesi ya mauaji, halafu ikabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia. Kesi ikavuta miaka. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimkuta na hatia, akafungwa miaka miwili, na mwaka wa 2018 akatolewa amalizie adhabu kwa kufanya kazi za jamii. Mahakama ilishaongea, si kazi yetu kufungua kesi upya kila Aprili kama venye watu hufanya mtandaoni.

Lakini kitu kimoja lazima kisemwe. Kanumba alikuwa na miaka 28 na Lulu alikuwa bado tineja, na mahakamani ilielezwa kwamba walikuwa wapenzi. Ukimpenda staa si lazima ufunge macho. Mtu mzima alipaswa kujua zaidi, na hiyo sehemu ya stori ni yake pia.

Halafu kukaja ule uvumi wa Freemason. Ati juu alifanya muvi inaitwa Devil Kingdom, basi alikuwa amejiunga, na wamemchukua. Buda, muvi ni muvi. Mwigizaji anaweza kuigiza padri, tajiri, maskini ama chizi, na hakuna atakayesema yeye ni padri.

Dar ilisimama

Tarehe 10 Aprili walimzika makaburi ya Kinondoni. Kabla ya hapo mwili uliagwa viwanja vya Leaders Club, na watu waliofika walikadiriwa kuwa zaidi ya 30,000. Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal alikuwa hapo. Mke wa Rais, Mama Salma Kikwete, alikuwa hapo. Rais Jakaya Kikwete mwenyewe alikuwa ameenda nyumbani kutoa pole. Watu walizimia, wakabebwa kwa machela. Foleni ya kuaga ilibidi ikatishwe juu umati ulikuwa umezidi.

Hakukuwa kumewahi kuonekana kitu kama hicho kwa mwigizaji huku kwetu. Wanasiasa huzikwa hivyo. Kijana wa kuigiza, aliyetoka Shinyanga na tamthilia za mtaani, hapana. Siku hiyo hata wale waliomcheka Kiingereza walielewa alikuwa ameshakuwa mkubwa kiasi gani.

Baadaye ikatoka Love & Power, muvi aliyokuwa ameshaifanya kabla ya kifo. Watu walienda kumwona akitembea na kuongea huku wanajua amelala Kinondoni. Baada ya hapo Bongo Movie haikuwa ile tena. Waigizaji walikuwepo, wazuri hata, lakini soko la CD lilianza kuporomoka, kopi zikamaliza, simu zikachukua nafasi ya deki, na fani wengi wakahamia soap za Kihindi, Kifilipino na za Mexico.

Mexico walifanyaje?

Na hapo kwa Mexico kuna funzo. Wale wanaume wa soap wenye unawapenda wana babu yao. Anaitwa Pedro Infante. Alizaliwa Mazatlán mwaka wa 1917, akaanza kama fundi seremala, akawa mwimbaji na mwigizaji mkubwa zaidi wa nchi yake. Muvi yake Nosotros los pobres ya 1948, kuhusu seremala maskini anayelea mtoto, iliwaliza Wamexico wote. Tarehe 15 Aprili 1957 akafa kwa ajali ya ndege huko Mérida akiwa na miaka 39, na mwaka huo huo akapewa tuzo ya mwigizaji bora huko Berlin akiwa kaburini.

Stori inafanana, sindio? Kijana wa kawaida, mapenzi ya watu, kifo cha ghafla, jiji limesimama. Tofauti ni kilichofuata. Mexico, kila Aprili, watu bado wanaenda kaburini kwake na magita, na muvi zake bado zinaonyeshwa. Mtu aliyezaliwa miaka hamsini baada ya kifo chake anaweza kuzicheki leo zikiwa safi.

Za Kanumba? Utapata vipande YouTube, sauti imeachana na mdomo, logo ya mtu asiyehusika imebandikwa juu, sehemu ya pili haipo. Nyingine zimebaki kwa CD zilizokwaruzwa chini ya kitanda cha mtu Taveta. Zaidi ya miaka kumi tu imepita na tayari tunapoteza kazi yenyewe huku tukibaki na stori ya kifo.

Hilo linatuhusu sisi, juu kuna mbogi ya vijana hapa Voi na Wundanyi wanashuti vichekesho na muvi fupi kwa simu. Wako na vifaa ambavyo Kanumba akiwa Kaole hakuviota. Kama kuna kitu cha kuchukua kwake, ni tatu. Usingoje jiji likuite. Usiogope kuchekwa lugha ukiwa unajaribu kuvuka boda. Na usiuze haki zako zote kwa malipo ya mara moja, weka kazi yako mahali ambapo jina lako halitatoka.

Kwa sisi wengine, fungua ile droo ya chini ya TV leo. Kama kuna CD ya Oprah ama Uncle JJ iliyobaki nzima, usiitupe. Na ukipata msee ako na deki inayofanya kazi, mwambie mathe aje na stuli.